Zoezi la Nne: Tungia Sentensi

Neno la sita: nyumbuka.
Daftari thelathini na nane mezani, umeme wa Wete
umekwenda zake tangu magharibi,
nasahihisha kwa tochi ya simu niliyoiegemeza kwenye birika.

"Mpira hunyumbuka." Vyema.
"Ulimbo hunyumbuka." Vyema; huyu mtega ndege.
"Chapati za bibi hazinyumbuki."
Nimecheka peke yangu, nikampa mbili kwa mbili.
"Mwalimu wetu hanyumbuki."
Sarufi yake sahihi. Nikampa na yeye.

Kamusi inasema: pindika bila ya kuvunjika,
vutika, kisha rudi.
Lakini mimi neno hili sikulipata kamusini.
Nililipata Mtambwe, ukumbini kwa shangazi Mkasi,
miyaa imelala usiku kucha ndani ya kanga mbichi,
asubuhi vidole vinasuka ukili vyenyewe,
macho yake yako njiani
kutazama nani anapita na amebeba nini.
"Mwaa mkavu haunyumbuki," alikuwa akisema,
"hukukata kidole, halafu nao ukakatika.
Hasara mbili."

Na ami Nyange, mchumaji,
aliyeliamini tawi moja la mkarafuu.
Mti ule una harufu, una bei,
kunyumbuka hauna. Ulisema ka!
wakamleta nyumbani juu ya ubao wa mlango.
Mguu ulipokataa kuunga sawasawa
akaomba sindano. Mwanamme yule, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe,
akajifunza kushona kofia za vito,
akiyahesabu matundu kama mtu anayehesabu deni.
Waliomcheka aliwajibu: "Mkono haukuanguka."
Hapo ndipo wakubwa waliposema, Nyange kanyumbuka,
nami nikalifunga neno pembeni mwa kanga
kama sarafu ya skuli.

Tangu hapo nimelikuta kote.
Kwa fundi bomba: "Bei hainyumbuki, mwalimu."
Kwa mkuu wa skuli, kila anapoongeza vipindi
bila ya kuongeza mwalimu: "Tunyumbuke jamani."
Kwa somo yangu, usiku wa kuamkia harusi,
mkononi ana hina, mdomoni ana neno:
"Nyumbuka, mwanangu. Mwanamke ni ukili."
Hakuniambia msukaji nani.

Daftari la mwisho, la Shaame Mbwana.
Karatasi ina doa la mafuta ya bajia.
"Mama yangu hunyambuka kila siku."

Kalamu nyekundu ilikwisha kushuka.
U, Shaame, si a.
Kinachonyumbuka huvutwa kikarudi;
kinachonyambuka ni nyama iliyopikwa mno,
nyuzi nyuzi, mkono huu na mkono ule,
wala hairudi kuwa mnofu.

Halafu nikamkumbuka mama yake.
Alfajiri bajia. Saa mbili ufagio wa hospitali.
Jioni nguo za watu, na mtoto wa dada yake mgongoni,
na mume yuko Tanga, atarudi Mfunguo Mosi,
wa mwaka gani hakusema.
Kila akiongezewa, mtaa humsifu:
mwanamke yule ananyumbuka, mashaallah!
Ijumaa nilimsifu na mimi,
nanunua bajia za mia tano,
nikamwomba aniongezee moja.

Nikaandika pembeni: Ulikusudia u au a?
Nikalikata swali. Wino mwekundu haukatiki vizuri,
ukabaki umetanda juu ya sentensi kama uzi wa damu.

Umeme umerudi ghafla, feni imeanza kupekua daftari,
inafunua, inafunika, inafunua.
Alama sijampa.
Kesho darasa likishatoka
nitamwomba anisomee mwenyewe, taratibu,
nisikie anatamka nini.