Sindano Haichagui

Mimi sikuja kusikiliza. Nilikuja na spika nne,
nyaya za mita hamsini, jenereta ya kukopa
na deni la kodi ya Agosti.
Ukumbi wa Kaloleni, Jumamosi, saa nane mchana,
mabati yanalia kwa joto,
viti vya plastiki vimeazimwa kanisani.

Wagombea watano. Wanne wakaahidi lami, maji, zahanati,
na adui kufuatwa huko huko kwake.
"Fimbo ya mbali haiui nyoka!" akanguruma wa nne,
na hilo likashangiliwa kuliko maji.
Nikashusha sauti kidogo, spika zisipasuke.

Wa tano alikuwa Kerubo Onchari, mkunga mstaafu,
miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.
Alikipokea kipaza sauti kama wanavyopokea watoto wachanga,
shingo kwanza.
"Tuliambiwa ni kwenda na kurudi," akasema.
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Vijana wetu wako ng'ambo ya mpaka siku ya ngapi leo,
na wameshika nini mkononi?
Nyumba ya jirani ikiungua, mtu hupeleka maji.
Sisi tulipeleka bunduki, kisha tukaketi sebuleni kwake.
Warudi. Tulinde mlango wetu."

Kimya.
Kimya cha spika si kimya,
kina mvumo, nyuki ndani ya kopo.

Halafu: "Msaliti!"
Halafu: "Nani amekulipa?"
"Kaishi nao basi!" "Nenda kazalishe!"
Kijana ambaye hajawahi kuvuka Mlolongo
akapanda juu ya kiti kuutetea mpaka.
Chupa ikaruka, ikamkosa mama, ikaiangusha bendera,
na aliyeirusha akaja mbio, akaiokota,
akaipangusa kwa ncha ya shati lake, polepole,
kama uso wa mtu.

Mtambo wangu una sindano.
Wale wanne walipopigiwa makofi iligusa wekundu.
Huyu alipozomewa iligusa pale pale.
Sindano haichagui.

Aliyesogea mbele kuliko wote ni Bi Syokau, muuza makaa.
Tulimzika mwanawe mwaka juzi
katika sanduku tulilokatazwa kulifungua,
nami ndiye niliyefunga spika siku ile, bila malipo.
Alisimama chini ya jukwaa, vidole vyeusi vimeshika ubao,
mdomo wazi, shingo imetoka mishipa.
Watu walidhani anazomea. Wakazomea pamoja naye.
Lakini nilikuwa na visikizi masikioni
na kipaza sauti kilimnasa.
Alikuwa akiuliza:
"Wakirudi kesho, wangu alikufia nini?"

Mara moja. Kisha tena, chini zaidi,
"Alikufia nini, mkunga?"

Kerubo aliinama. Nikaona ameshusha miwani.
Nikaona anavuta pumzi.
Hapo mwandalizi akanitafuta kwa macho, kule nyuma,
akapitisha kidole kwenye koo lake.

Kodi ya Agosti ilikuwa elfu sita.

Nikashusha.

Midomo yake ilitamka kitu kifupi.
Labda lilikuwa jina. Labda alisema hajui.
Mtu mmoja tu alilisikia, naye akaketi palepale sakafuni,
kati ya viatu vya watu waliokuwa bado wanapiga mbinja,
akaanza kuyahesabu makovu ya ubao kwa kidole.

Wakamtoa Kerubo kwa mlango wa jikoni.
Wa nne akarudishwa jukwaani, nikampandishia sauti.

Jioni nilikunja nyaya, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja.
Nikavirudisha viti kanisani. Kimoja kilikuwa kimevunjika mguu,
nacho nilikatwa kwenye malipo yangu.
Kwenye ukingo wa jukwaa palikuwa na alama nne za makaa,
na ya tano, ndogo, ya kidole gumba.
Msafishaji alikuja na ndoo.
Nilimwambia aanzie upande ule mwingine.