Haimo

Maktaba hii haina rafu wala vumbi.
Ni faili moja, nimelishusha kwa bando la wiki
nikiwa Gungu, mlango wazi,
moshi ukiingia kutoka kwa jirani anayechemsha mawese.
Naiita kwa mistari mitatu:
fungua, uliza, funga.
Ukiipa namba ya mgeni inakutajia nchi, mji,
na kampuni iliyomuuzia mtandao.

Kazi niliyopewa ni hii:
usiku wa Jumanne, kwenye daftari la ushirika,
deni la Bi Nzeyimana lilipanda
kutoka madumu manne hadi kumi na manne.
Moja tu, imechomekwa mbele. Mkono mwepesi.
"Evodia," wakasema, "tukamatie huyo mtu
kwa kompyuta yako."

Kumbukumbu za mashine zilikuwa na namba mbili.
Ya kwanza nikaiuliza, ikajibu bila kusita:
Dar es Salaam.
Ya pili ikarudi tupu. Haimo.
Nikaandika ripoti ya ile iliyojibu.
Nani huandika ripoti ya kimya?

Chai haijapoa, ukumbi umeshapata jina:
Ntahondi, aliyehamia Dar mwaka juzi
akaondoka na nywila kichwani
kama mpangaji aliyesahau kurudisha ufunguo.
Mama yake alikuwepo, amekaa karibu na mizani.
Hakusema kitu. Alianza kuhesabu vifuniko vya madumu
ambavyo hakuna aliyemwambia avihesabu.

Usiku usingizi ulinikataa.
Nikaipa maktaba namba yangu mwenyewe,
ya simu hii hii, kitanda hiki hiki,
mbu wa Gungu sikioni.
Ikajibu:
Dar es Salaam.

Nimefika Dar mara moja maishani, kwa treni,
na kuku wa Saranda alinirudi kabla ya Dodoma.
Lakini kwa faili hili sisi sote,
wa Mwandiga, wa Kibirizi, wa Ujiji,
ni watu wa Dar, kwa kuwa mtandao wetu
hupiga hodi huko kwanza ndipo uingie duniani.
Pembeni palikuwa na safu niliyoiruka:
kosa linalowezekana, kilomita elfu moja.
Nikachora duara. Likapita Tabora,
likachoka Uvinza, kwenye chumvi.
Hata kosa lao halitufikii.

Nikalinganisha.
Namba ile ya Jumanne, saa nne na dakika kumi usiku,
ilikuwa yangu. Nilichungulia hesabu za mafuta
kabla sijazima taa.
Mwizi wa Dar es Salaam
alikuwa amejifunga kanga yangu.

Ikabaki ile tupu.
Mia na tisini na mbili, nukta,
mia na sitini na nane, nukta moja, nukta kumi na nne.
Nilidhani maktaba haiijui.
Kumbe kuna namba zisizo na mji wala nchi,
hazijawahi kutoka nje kununua hata kiberiti.
Ni namba za vyumbani. Kila ofisi inazo,
kama kila kitanda kilivyo na uvungu.
Haimo kitabuni
kwa sababu imo ndani.

Asubuhi nikawahi kabla ya mlinzi kunywa uji,
nikapita meza kwa meza, kila mashine naiuliza jina.
Kumi na moja, mhasibu.
Kumi na mbili, mizani.
Kumi na tatu, printa.
Kumi na nne
imelala chini ya kitambaa cha kufuma, maua ya njano,
mezani pa mwenyekiti,
na kikombe chake cha maziwa kando,
utando haujavunjwa.

Nimechapa ukurasa mmoja.
Printa imekohoa, ikautoa ukiwa na joto.
Mkutano ni saa tatu.
Nimemtumia ujumbe mama yake Ntahondi
aje, akae palepale,
karibu na mizani.