Nyuma ya Risiti ya Luku

Safari ni Jumamosi. Leo Alhamisi
naandika nyuma ya risiti ya Luku
kwa kalamu ya Kokugonza inayovuja:
petroli, elfu arobaini. Mayai kumi na mawili.
Chumvi. Safari ya Kamachumu tuliisahau,
tukala mayai kama watu wanaotumikia kifungo.

Meza ni ndogo, viwiko ni vingi.
Hapa Hamugembe dirisha letu halioni ziwa,
lakini ziwa linajua kuingia:
unyevu kwenye kiberiti,
wadudu wake wingu zima kwenye taa
hadi Byarugaba afunike chai kwa sahani.

Yeye ndiye wa ramani. Anachora mezani
kwa kidole na maji yaliyomwagika:
hapa Rubale, hapa lami inakufa,
hapa tunamwachia mtu gari
(nani? tutamjua tukifika),
halafu msitu. Kidole kinasimama.
Ramani imeanza kukauka, Bukoba kwanza.

Rwechungura, mwalimu mstaafu wa jiografia,
aliyekuja kuazima pasi akakaa,
anasema kule hakuna maporomoko.
Kuna kijito kinachojikwaa.
"Siafu mmewapigia hesabu? Na ruba?
Gari la Rugemalira lina waipa moja,
na hiyo moja iko upande wa abiria."
Naandika: viatu vya mpira.
Chumvi tena, ya ruba.

Mama hajasema kitu. Anatafuna kahawa,
punje moja moja, na goti lake jipya la Bugando
limewekwa juu ya kigoda kama mgeni.
Kisha: "Mimi nimeyasikia."

Alikuwa na miaka tisa, kwa shangazi yake.
Walipita chini ya msitu ule na kuni kichwani,
kila siku ya gulio. Yalivuma kushoto kwao
kama mtu anayemimina mtama kwenye debe
na debe halijai.
Akaomba wachepuke kidogo tu.
Shangazi akasema, maji ni maji,
na kuni zikilowa nani atazinunua?

Miaka sitini na miwili.
Sikio la kushoto ndilo sasa
linalotuitikia "nini?"

Byarugaba anafuta meza kwa mkono wa shati.
Hesabu inaanza upya:
pale lami inapokufa hadi penye maji
ni saa nzima kwa mguu mzima,
kwa goti la miezi mitano hatujui.
Bodaboda mpaka bodaboda ikatae?
Kiti chenye mikanda, vijana wawili?
"Mimi si maiti," anasema Mama, "wala si bibi harusi.
Nitatembea, nitakaa, nitatembea.
Nyinyi andikeni mahali pa kukaa."

Naandika: mto wa bluu.
Naandika: kukaa, mara kumi.
Kokugonza, mweka hazina, darasa la tano,
anauliza kukaa ni shilingi ngapi.

Saa nne mvua inaanza bila kubisha hodi,
upande wa jikoni kwanza, halafu nyumba nzima.
Novemba ndivyo ilivyo, senene na matope.
Njia ile ni udongo mwekundu,
na kila mtu mezani anauona ukiteleza,
lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.
Rwechungura anaigeuza pasi mapajani,
anautazama waya wake.
Hatimaye, polepole,
kama anayesahihisha daftari lake mwenyewe:
"Mvua hii, ikinyesha na kesho,
kile kijito…"
Hamalizi.

Mama ameinua kichwa,
sikio la kulia limeelekea kwenye bati.
Tunamsubiri.

"Chupa ya chai," anasema, "inanuka mchuzi wa sato.
Sitaki kujua ni nani.
Ioshwe leo."