Ritifaa

Umeme wa Kadutu huja saa sita usiku,
ukiwa umeshiba huko ulikotoka,
nami huukuta niko tayari, shuka mabegani,
kompyuta imefunguliwa kama daftari la madeni.

Nina flashi ya giga mbili. Mfumo una giga nne.
Basi nachambua,
kama Mama anavyochambua maharage ng'ambo ya meza,
ungo magotini, jiwe likilia ting' katika sahani ya bati.

Toa michezo. Toa viendeshi vya printa
ambazo hazijawahi kuvuka daraja la Ruzizi.
Toa saa za dunia nzima, acha moja:
Bukavu haimo katika orodha,
sisi tunaazima saa ya Lubumbashi
na hakuna anayetudai.
Toa picha ya ukutani, ile ya theluji.
Acha kamusi. Acha hesabu za darasa la sita.
Acha mchoro wa mwili wa binadamu,
hata kama ini lake peke yake
ni zito kuliko kiini cha mfumo.

"Na hicho?" Mama auliza, bila kuinua macho.
Sijui. Kina jina la herufi nne, hakina maelezo.
Wiki jana nilitoa kimoja cha namna hiyo;
mashine ikaamka, ikatazama, ikasahau ilichoamkia.
Kioo cheusi. Kistari cheupe kikikonyeza, kikikonyeza.
"Usichokijua," asema, "usikitupe gizani."

Kisha majibu. Maana mfumo huu huuliza kuliko karani wa komini:
lugha gani, kibodi gani, diski igawanywe vipi,
na kugawanya, kwetu, ni neno la kesi:
ndugu wawili, mpaka wa migomba,
halafu mvua inashuka na shamba lote.
Niliyaandika majibu mapema, katika faili moja,
ili kule Walungu, ambako hakuna wa kuulizwa,
mtoto abonyeze mara moja
aende zake kuchota maji.

Murhula alitaka tujibu hata lile la mwisho.
"Waite mwanafunzi moja, mwanafunzi mbili, tulale."
Nikakataa. Hilo nililiacha wazi:
Unaitwa nani?
Nakiri, niliona fahari. Nikachoma flashi,
nikaifunga katika mfuko wa chumvi,
Zihindula akaondoka nayo kwa pikipiki
ukungu haujainuka.

Jioni, simu. Sauti ya mwalimu, na nyuma yake vicheko.
"Mashine kumi zimekubali. Ya kumi na moja inamkataa binti."
Nani?
"M'Cishugi. Inasema jina lake lina kosa."

Ritifaa. Kile kijialama, kipande cha ukucha,
kinachosema huyu ni binti wa Cishugi.
Hata ng'ombe anacho,
na hakuna aliyewahi kumwambia ng'ombe ajirekebishe.
"Si aandike Cishugi tu?" Nilisema hivyo, mimi.
"Hataki. Amekunja mikono. Anaingoja."

Nyuma ya swali langu kulikuwa na swali jingine,
nililipita bila kuliona:
mfumo ukidai jina la pili, fupi, la herufi ndogo,
la kuingilia mlangoni.
Nimelitoa. Hilo mashine ijitungie yenyewe
na ikae nalo kimya.
La kwanza lipokelewe lilivyo,
kama mgeni, pamoja na mzigo wake.

Mstari mmoja. Na kwa mstari mmoja
mfumo wote hujengwa upya, saa nne.
Jana umeme ulikatika kwenye tisini na saba kwa mia.
Juzi, arobaini.
Mama ameshapika yale maharage, tumeyala, amenunua mengine.

Saa sita. Taa imewaka. Naanza.
Huko Walungu, naambiwa, mashine kumi zinafanya kazi
na moja imezimwa,
imefunikwa kitenge:
ina mwenyewe.