Unga wa Nani

Asubuhi ile mama mkwe aliniita mara tatu,
na mara ya tatu hakutaja jina.
"Nani kamwaga unga kwenye maboga yangu?"
Nikatoka nimo katikati ya kukanda,
ngano hadi viwiko.
Ushahidi gani tena ulitakiwa?

Majani yalikuwa yamepakwa poda,
duara kwa duara, kama shingo ya mtoto
aliyeogeshwa jioni akakatazwa kucheza.
Akalifuta moja kwa upindo wa kanga.
Likang'aa kijani. Akanitazama.
Kiuyu nzima inajua
Bi Mize hajibiwi kabla ya chai.

Kesho yake unga umerudi,
na mimi nimelala Wete kwa dada, mikono mitupu.
Ndipo akaitwa Hafidhi, bwana shamba,
na baiskeli yake isiyo kengele.
Akainama, akageuza jani, akalinusa:
"Ubwiri unga.
Ukungu huu haungoji mvua; mvua nzito huuosha.
Hupenda umande wa alfajiri na kivuli cha mgomba,
na kusafiri unataka tu
upepo wa mtu aliyepita na ndoo."

Akafuta kidole kwenye suruali.
"Tena hauli maiti. Jani likifa, nao umekufa.
Kwa hiyo hula kwa adabu,
kijiko kimoja, kisha kimoja,
kama mgeni anayejua
nyumba ikianguka hana pa kulala."

Mama mkwe akanitazama tena.
Mwaka wa tatu huo niko chumba cha uani;
Shaame yuko Unguja, na fedha ziko njiani.
Nikaangalia miguu yangu.

Salfa iko Chake, bei yake kuku wawili.
Asiye na kuku atumie maziwa:
kikombe kimoja kwa tisa vya maji,
anyunyize jua likiwaka.
Tukanyunyiza kwa fagio la chelewa,
yeye mstari huu, mimi ule,
na Bi Riziki akicheka nyuma ya ua wa makuti:
"Leo ugonjwa unanyonyeshwa! Na nyinyi je, chai ya rangi?"
Ya rangi, ndiyo. Siku nane.

Vikaja vidudu vya manjano, vidogo kama dengu,
vikalamba ule unga jani hadi jani,
bila kualikwa, bila kushukuriwa.
Majani ya chini tuliyakata, tukayafukia mbali.
Ya juu yalipona nusu. Nusu hayakutaka.

Boga likapatikana moja, la kubebwa kwa mkono mmoja.
Tukalipika kwa nazi, futari ya kwanza.
Halikukolea. Sukari ilikwisha kuliwa
mchana, juani, mbele ya macho yetu,
na kitu kisicho na mdomo.

Samahani hakuomba; si desturi yake.
Ila alipopakua alinikatia upande wa kikonyo,
ule anaoupenda mwenyewe,
akasukuma bakuli kwangu.
"Kula. Usibakishe."

Nikala, taratibu.