Suruali za Tombolino

Sikuwahi kumwona akicheka.
Nilimwona juu ya stuli, mikono kichwani,
nami pini mdomoni, nikimpima nyonga.
"Ongeza hapa, Delfina. Leo ni ngazi."

Ngazi: singa za farasi makalioni, tabaka mbili.
Tramu: viwiko na magoti.
Mke mwenye mwiko: kofia tu, na pamba ndani yake.
Hivyo nilizijua filamu zake zote
kabla Torino haijazijua.

Jina la kuzaliwa Evasio Bricco,
mtoto wa mwashi wa Casale.
Ana miaka tisa aliponyoka kiunzini,
akatua kwenye mkokoteni wa kabichi,
akainuka, akavua kofia.
Mafundi walicheka hadi wakaketi.
Baba yake alimzaba kofi, kisha naye akacheka.
"Pale," aliniambia, "ndipo nilipoajiriwa."

Aliye juu mngoje chini, husema watu.
Torino ililipa kiingilio ili imngoje.
Naye hakuanguka kama gunia;
alianguka kama mtu anayekumbuka jambo:
kwanza jicho, kisha bega,
miguu ikipata habari mwisho.
Jumapili alikaa kwenye beseni la maji ya chumvi
akiziita mbavu zake moja moja.

Vita vikaja. Serikali ikampa suruali
nyembamba, isiyo na singa.
Alirudi na sikio moja.
Hakuna aliyetaka tena mtu wa kuanguka;
tulikuwa tumeona wengi.
Filamu zikayeyushwa, zikawa vitana.
Ninacho kimoja. Hakijang'oka jino.

Miaka ishirini alikata tiketi
kwenye sinema ya Vanchiglia,
amekaa.
Tombolino, amekaa!

Alikufa Februari. Mjane akaniletea suti nyeusi
niipunguze kiuno.
Sikuipunguza.

Nyumba yao ni ya ghorofa ya nne, ngazi finyu, za kuzunguka.
Wachukuzi wanne, mmoja kanywa.
Kwenye kona ya pili jeneza likawaponyoka,
likashuka vidato saba, to, to, to,
likamkumba padri, likasimama wima mlangoni
kama mgeni anayebisha hodi.

Kimya.
Mjane akaziba mdomo, mabega yakimtetemeka,
na mimi nikadhani analia.
Kisha sauti ikamtoka puani,
na ngazi nzima, juu hadi chini,
ikapasuka.

Nikahesabu kimoyomoyo:
makalio, tabaka mbili. Viwiko. Magoti.
Kichwani sikuweka kitu.