Hesabu ya Reli Zilizovunjika

Siku birika lenye magurudumu lilipotoka karakana
bonde zima liliacha kazi likaja kutazama.
Hopcyn mwenye farasi aliweka dau la koti lake
kwamba halitafika darajani.
Mchungaji aliomba kwa sauti ya chini;
sijui aliliombea lifike, ama litumbukie mtoni.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja,
kibao cha jiwe shingoni kwa kamba ya katani,
na kazi ambayo hakuna aliyenionea gere:
kutembea nyuma.

Wenzangu walikimbia mbele wakirusha kofia,
waone dohani inavyokohoa,
waone tani kumi za chuma
zikivutwa na kitu kisichokula majani.
Mimi nilitazama chini.
Tak, ilisema reli. Nikachora mstari.
Tak. Mwingine.
Zilikuwa za chuma cha kusubu, fupi kama jeneza la mtoto,
zimezoea kwato na mikokoteni.
Hakuna aliyezifundisha kubeba mlima unaotembea.

Peni moja kwa kila reli kumi:
ndivyo tulivyopatana na karani, Bwana Probert,
aliyelipa kana kwamba anang'olewa jino.
Basi nisamehewe. Nilikuwa mtoto, na nyumbani
uji wa shayiri ulikuwa mwepesi
hata mwezi ungeweza kujitazama ndani yake.
Bonde lilipoomba mtambo ufike,
mimi niliomba uvunje.

Na aliyezisubu reli zile?
Baba.
Baba mwenye nyusi zilizoungua zisiote tena,
aliyeigonga kila reli kwa kifundo cha kidole
kabla hajairuhusu itoke,
akaitegea sikio kama mtu aliyebisha hodi.

Jioni alinyosha mkono. Nikampa kibao.
Akahesabu kwa midomo, bila sauti.
Sabini na mbili.
Akakifuta kwa mkono wa shati, taratibu,
kama unavyomfuta mgonjwa uso.
Kisha akakumbuka
kwamba bila mistari sina mshahara.
Akatwaa chaki
akaichora upya, mmoja mmoja, yeye mwenyewe,
yote sabini na miwili.
Hakuiba hata mmoja. Hakunizidishia hata mmoja.

Ndiyo, lilifika darajani.
Hopcyn alirudi kwake na shati tupu, mvua ikinyesha.
Lakini baada ya safari tatu
wakaling'oa magurudumu, wakalifunga ukutani
liendeshe nyundo za kiwanda,
na farasi wakarudishiwa njia yao.
Koti hakurudishiwa.

Sasa nina miaka hamsini na tisa.
Angharad, binti wa kaka yangu,
ameniketisha dirishani, daraja la tatu,
kikapu cha mayai mapajani,
nyuma yetu mwanamume analala mdomo wazi
kana kwamba kuruka juu ya ardhi ni jambo la kila siku.
Na kweli, ni la kila siku.
"Tazama, shangazi! Tazama kondoo wanavyorudi nyuma!"

Siwatazami kondoo.
Nimevua viatu. Nyayo zangu ziko sakafuni,
zinasikiliza.
Reli za siku hizi ni za chuma kilichofuliwa, ndefu,
huungana kwa kishindo kidogo tu,
kama ulimi unaogusa kaakaa.
Nzima, inasema reli.
Nzima.
Nzima.

Angharad anadhani naogopa, ananishika bega.
Ninamwachia bega.
Kidole changu kimesimama tayari
juu ya kioo chenye ukungu.
Maili ishirini, Baba,
na sijachora kitu.